Tukirudishe Kihamba Kazini

Ndugu zangu mliozaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nanyi wote wenye kipande cha ardhi ya wazazi mahali fulani kijijini, nawaomba jambo moja. Kihamba, yaani shamba la nyumbani tulilorithi, kilichofungwa geti kifunguliwe, kilimwe, kilishe watu.

Ukipita Marangu, Kibosho au Machame leo utaziona nyumba nzuri za tofali, madirisha ya alumini, na nyuma yake migomba iliyosongamana na majani makavu yanayoning'inia. Kahawa imezeeka bila kupogolewa. Mlinzi analipwa kila mwezi alinde uwanja, na mlinzi huyohuyo hununua ndizi sokoni. Jambo hili linaniuma, kwa sababu ardhi ile haijachoka. Imekosa mikono tu.

Wazee wetu walijua kupanga. Juu kabisa waliacha miti ya mringaringa na mruka itoe kivuli, mbao na majani ya kurutubisha udongo. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Mpaka uliwekwa kwa mimea ya isale. Ng'ombe mmoja au wawili walifugwa bandani, wakaletewa majani na vipande vya mgomba, na samadi yao ikarudi shinani. Maji yalishuka kwa mifereji iliyochimbwa kwa mkono na kugawanywa kwa zamu. Mara nyingi eneo lote halikufika ekari mbili, na watu waliishi hapo kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo hiki, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wenye umuhimu kwa dunia nzima.

Sisemi ekari moja itamaliza kila haja. Chumvi hainunuliwi kwa gimbi, na ada ya shule inataka fedha. Hata wazee walikuwa na shamba la pili kule tambarare kwa ajili ya mahindi, na kahawa ndiyo iliyowapa fedha mkononi na nguvu ya kuunda ushirika wao wa KNCU mwaka 1933. Ninachoomba ni sufuria itangulie. Nyumba inayokula ndizi zake, maharage yake, mayai yake na maziwa yake, hata ikipata fedha kidogo, fedha hiyo inapata nafasi ya kufanya kazi nyingine.

Mahali pa kuanzia ni samadi. Tafuteni ng'ombe mmoja wa maziwa, au mbuzi wawili kama majani ni ya shida. Samadi mbichi msiitupe shinani. Irundikeni kivulini, mchanganye na majani makavu, maganda ya ndizi na majivu kidogo, mwagilieni ikikauka, na muigeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi ishikeni: iwe nyeusi, isiwe na harufu kali, imomonyoke kiganjani. Hapo imeiva.

Kisha ingieni kwenye migomba. Kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu, basi. Wengi huona uchungu kukata machipukizi, wakidhani wanapunguza chakula, kumbe shina lililojaa watoto huzaa mikungu midogo isiyotosha hata mtori wa jioni moja. La kupanda ni chipukizi upanga, lile lenye majani membamba yaliyochongoka, na litoke kwenye shina lisilo na dalili ya mnyauko. Panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine, maana ugonjwa husafiri na panga. Kahawa iliyoshindwa na ugonjwa wa chulebuni ing'olewe bila huruma. Watafiti wa kahawa wa TaCRI pale Lyamungu wametoa miche chotara inayohimili ugonjwa huo. Na kuku wachanjwe kideri, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Wengi wanaosema kuku wa kienyeji hawalipi hawajawahi kuwachanja.

Mifereji mingi imekauka au imezibwa na nyumba mpya, na ni kazi ya kijiji kizima kuifufua. Wakati tunasubiri, tazameni mabati yenu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 50 za mraba mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka hupokea lita 50,000. Hata mkipoteza sehemu moja kati ya tano, mnabaki na lita 40,000 ambazo leo zinatiririka hadi barabarani na kuchimba makorongo.

Desemba mnakuja kijijini, najua. Katika siku zile za kuchinja na kutembeleana, tengeni siku moja ya majembe. Chimbeni mashimo ya migomba, futi tatu kwenda chini, futi tatu upana, udongo wa juu mkiuweka upande wake. Jazeni samadi iliyoiva iliyochanganywa na udongo huo, muache yatulie hadi masika ya Machi ndipo mpande.

Na kabla ya kurudi mjini, kaeni kikao cha familia. Msikigawe kihamba vipande ambavyo haviwezi kubeba hata banda la ng'ombe. Kubalianeni nani atakilima, wengine watachangia nini, na mavuno yatagawanywaje, kisha muandike. Kama mwenye moyo wa kulima ni dada yenu, mpeni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume, na katika vihamba vingi mkono wa mwanamke ndio uliokata majani ya ng'ombe na kupalilia maharage tangu zamani. Jina lake liandikwe kwenye karatasi hiyo, na mwenyekiti wa kijiji aitwe ashuhudie.