Mbuzi Mwenye Mimba Asipunguziwe Chakula

Tangu mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe walipopelekwa katika vijiji vya Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, katika miaka ya 1980 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kaya nyingi zimepata maziwa ambayo hazikuwa nayo. Mafanikio hayo ni ya kujivunia. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Na maziwa ya mbuzi huanza kuundwa kabla hajazaa.

Katika milima ile mashamba yamebanana, na udongo wa miteremko humomonyoka upesi. Ndiyo sababu mbuzi hao hufugwa bandani na kukatiwa majani. Utaratibu huo ni sahihi, ila una wajibu wake. Mbuzi aliyefungiwa hawezi kujitafutia. Akishinda na njaa, njaa hiyo imeletwa na binadamu.

Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi. Katika miezi 3 ya kwanza malisho mazuri, chumvi ya madini na maji safi humtosha, wala haifai kumnenepesha kupita kiasi. Hatari iko katika miezi 2 ya mwisho. Wakati huo mtoto hupata sehemu kubwa ya uzito wake, na tumbo la chakula hubanwa na mimba, hata mbuzi asiweze kutosheka na majani makavu peke yake. Jambo la kusikitisha ni kwamba wakati huo huo baadhi ya wafugaji, kwa kuwa wameacha kumkamua, humpunguzia chakula. Mbuzi wa namna hiyo huyeyusha mafuta ya mwili wake mpaka sumu ikaingia katika damu. Mwenye mapacha huweza kuanguka asiinuke. Akinusurika, huzaa watoto dhaifu, na maziwa ya kwanza, ambayo ndiyo kinga yao, huwa haba.

Kuzuia hasara hiyo hakuhitaji fedha za kigeni. Apewe mabingobingo mabichi, majani ya lusina na ya viazi vitamu, pamoja na masalia ya mboga yasiyonyunyiziwa dawa ya wadudu. Pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya alizeti zianzwe kidogo kidogo, zifikie kama nusu kilo kwa siku anapokaribia kuzaa. Mbuzi aliyepandwa Juni huzaa Novemba. Miezi yake migumu ni Septemba na Oktoba, wakati wa ukame. Hivyo akiba ya majani hapana budi ikatwe na kukaushwa mapema, mvua za masika zinapomalizika.

Hapo ndipo penye kazi ya maofisa mifugo na walimu. Ofisa mifugo asingoje kuitwa mbuzi akiwa amekwisha kuanguka. Ahesabu miezi pamoja na mfugaji tangu siku ya kupandishwa. Shule yenye shamba ipande majani ya malisho kwenye kingo za matuta, na wanafunzi wafundishwe kuweka daftari la tarehe. Nao wanaume wasiwaachie akina mama na watoto peke yao mzigo wa kukata majani. Anayetaka maziwa Desemba hana budi kujaza hori Oktoba.