Uongozi Wodini: Ni Nani Aliye na Ruhusa ya Kusema "Subiri"?

Jina Witeithie, kwa Kikuyu, lina maana ya "jisaidie". (Mwanafunzi wa Kiswahili na azuie kicheko chake, ile maana nyingine ya neno haihusiki hapa.) Ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Thika, katika eneo bunge la Juja, na mkazi wake anapozidiwa na maradhi huelekea Thika au hurudi Ruiru kutafuta hospitali. Akishalazwa, jina la mji wake halimfai tena. Maisha yake yamo mikononi mwa kundi la watu asiowachagua: daktari, tabibu, muuguzi, mfamasia, mtaalamu wa maabara, mtaalamu wa nusukaputi. Swali ambalo aghalabu halimjii mgonjwa, wala halimjii mwanafunzi wa udaktari, ni hili: kundi hilo huongozwa vipi?

Jibu la mazoea ni kwamba daktari ndiye kiongozi kwa kuwa ndiye aliyesoma zaidi. Jibu hilo lina kasoro. Chuo humfunza mwanafunzi anatomia, dawa na upasuaji kwa miaka mitano au sita, kisha humtoa kwenda kutumikia mwaka wa uanagenzi. Huko huwakuta wauguzi waliokaa wodini miaka 20 wakingoja agizo lake. Kuagiza amejifunza kwa kuwaiga wakubwa wake. Kusikiliza hakufunzwa na yeyote. Ndipo huzuka wodi ambamo mdogo huona kosa likija, akanyamaza, kwa sababu kusema ni utovu wa adabu.

Gharama ya mlolongo usiokamata kosa ilidhihirika Februari 2018 katika Hospitali Kuu ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Mgonjwa mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda ubongoni. Mwingine alikuwa na uvimbe kichwani usiohitaji kisu. Aliyepasuliwa fuvu ni huyu wa pili. Saa kadhaa zilipita kabla ya wapasuaji kutanabahi kwamba damu waliyoitafuta haikuwapo. Watumishi wanne walisimamishwa kazi: daktari aliyekuwa akisomea upasuaji wa ubongo, muuguzi wa wodi, muuguzi wa mapokezi ya chumba cha upasuaji na mtaalamu wa nusukaputi. Umma ulitaka mkosaji mmoja apatikane. Yafaa orodha hiyo isomwe kwa jicho lingine: ni jozi nne za mikono, na kosa lilipita katika zote.

Kinga ya kosa la namna hii ilikuwa imependekezwa miaka kumi kabla. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19. Kisu hakigusi ngozi kabla ya kila aliyemo chumbani kujitambulisha kwa jina na kazi yake, na kabla ya wote kuthibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Ilijaribiwa katika miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Chombo chenyewe ni karatasi moja! Hata hivyo, hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilipochunguzwa baada ya kulazimishwa kuitumia orodha hiyo, utafiti wa mwaka 2014 haukupata nafuu ya maana. Karatasi inayotiwa alama na kundi lisilozungumza haimwokoi mtu. Anayeipa uhai ni daktari anayenyamaza kidogo ili muuguzi aseme.

Hapa ndipo suala linapoingia katika uwanja wa wanakiswahili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Sheria haikugusa lugha ambayo wahudumu wenyewe huzungumza baina yao. Daktari apitapo vitandani na wanagenzi wake, mjadala huwa wa Kiingereza. Mgonjwa wa Witeithie na msaidizi wa wodi aliyemlisha usiku kucha huwa watazamaji. Huenda msaidizi huyo ndiye pekee ajuaye kwamba mgonjwa ameacha kumeza chakula tangu jana. Kiswahili kingemwingiza mjadalani. Tena kina adabu inayofaa kazi hii: "samahani daktari, hebu tungoje kidogo" humsimamisha mkubwa bila ya kumvunjia heshima. Waama, Kiswahili hichohicho kina "ndiyo, daktari" ya mtu asiyekubali hata kidogo, na kiongozi asiyejua kuitofautisha na "ndiyo" ya kweli hajui lugha ya wodi yake.

Wapo watakaodai kwamba hospitali si baraza. Mama anapovuja damu baada ya kujifungua, dakika huhesabika, na sauti moja yapaswa kutawala. Ni kweli. Lakini hata hapo, agizo salama ni lile linalompa mtu kazi kwa jina lake, naye akalirudia kwa sauti ili lisikike limefika. Hilo halibuniwi usiku wa dharura, huzoewa mchana.

Wala mafunzo ya uongozi hayalipi mishahara. Katika Kaunti ya Kiambu, ambamo Witeithie imo, mgomo wa madaktari ulianza Mei 2025 ukadumu hadi Oktoba. Kundi lisilokuwapo kazini haliongozeki, na serikali isitumie semina za uongozi kukwepa madai hayo.

Pamoja na hayo, barabara ya Witeithie ina Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta upande wa Juja na Chuo Kikuu cha Mount Kenya upande wa Thika, na vyote viwili hufunza madaktari. Wahadhiri wa Kiswahili wangeweza kushirikiana na wale wa tiba kuandaa mtihani mmoja tu. Mwanafunzi wa udaktari apewe mgonjwa wa kuigiza na muuguzi wa kuigiza aliyeagizwa kuficha shaka yake kuhusu dawa iliyoandikwa. Atuzwe alama, kwa Kiswahili, kulingana na jinsi atakavyomwezesha muuguzi huyo kuitamka kabla ya sindano kudungwa.