Ugonjwa Usiotafutwa

Bakteria aitwaye Burkholderia pseudomallei huishi kwenye udongo na maji ya nchi za joto, na ugonjwa wake, melioidosisi, huhesabiwa kuwa nadra Afrika Mashariki. Nashawishika kwamba unadra huo umetengenezwa na uhaba wa maabara. Tangu madaktari Whitmore na Krishnaswami waueleze ugonjwa huu mjini Rangoon, Burma, mwaka 1912, umeonekana pale palipo na mtu wa kuutafuta. Kaskazini-mashariki ya Thailand, ambako damu ya wagonjwa huoteshwa maabara kusaka bakteria kama kawaida, melioidosisi ni miongoni mwa maambukizi yanayoua watu wengi, hasa wakulima wa mpunga. Kenya yenyewe iliingia kwenye kumbukumbu mwaka 1982 kupitia msafiri aliyegundulika Denmark: udongo ulikuwa wa huku, maabara ya huko. Mgonjwa asiyepanda ndege huandikiwa nimonia, au kifua kikuu kisichoonekana kwenye makohozi, na akifa hakuna atakayejua zaidi.

Wapo watakaosema kuwa makadirio ya mwaka 2016, ya wagonjwa 165,000 na vifo 89,000 duniani kila mwaka, ni hesabu za kompyuta, na kwamba malaria na kifua kikuu vinatuelemea vya kutosha. Pingamizi la kwanza ni la haki. Makadirio si sensa, na yeyote anayeyanukuu aseme hivyo. Lakini namna ya kuyasahihisha ni kupima. La pili silikubali. Kinachodaiwa ni kuotesha damu, kipimo kilekile kinachofichua homa ya matumbo na usugu wa dawa, na asiyepima huweza kuua: penisilini na jenitamaisini, dawa za mwanzo wodini, kwa kawaida hazimdhuru bakteria huyu, ilhali utafiti wa Thailand wa mwaka 1989 ulionyesha dawa ya seftazidimu ikipunguza vifo vya melioidosisi kwa nusu. Darwin, Australia, vifo vimeshuka kutoka 31% hadi 6% ndani ya miaka 30, kwa kugundua mapema na kuwahudumia vizuri mahututi. Wenye kisukari ndio wanaoshambuliwa zaidi, na kwetu wanazidi kuongezeka.

Kwa hiyo mtaalamu wa maabara anayekuta bakteria wa Gramu hasi, sugu kwa jenitamaisini na kolistini lakini anayedhibitiwa na amoksilini yenye klavulanati, asimtupe kama uchafu wa sampuli. Afuate taratibu za usalama, amhifadhi, ampeleke maabara ya rufaa, na ampigie simu daktari wa wodi siku hiyohiyo.