Utashuka na Nini?

Jumapili iliyopita mchungaji mmoja, ambaye jina lake nalificha kwa kuwa mke wangu huimba katika kwaya yake, alituambia kwamba imani ni kama injini ya V8. "V8 haiulizi trela lina uzito gani!" akanguruma, mguu wake ukikanyaga zulia la mimbari kama dereva anayeongeza mafuta. "Ukishalifunga, inavuta!" Kanisa likalipuka kwa amina. Mzee aliyeketi mbele yangu, mwenye pikapu ya silinda nne iliyosomesha watoto wake watano, aliinamisha kichwa kana kwamba ametajiwa dhambi yake hadharani.

Mimi sikuitikia. Ningekuwa nimeyasikia maneno hayo mara moja tu ningenyamaza, lakini nayasikia mwaka nenda mwaka rudi, tena nje ya kanisa: kwenye maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga, kwenye baa, kwenye matanga, na kila mara kijana anaponunua gari la mashindano akaanza kutafuta la kulibeba. Anauliza watu, na watu wote wana jibu moja: tafuta V8. Hakuna anayemuuliza swali ambalo mimi niliulizwa na muuza viazi.

Nitafika kwa muuza viazi. Kwanza shida yangu. Nina Subaru Impreza, ile ya umbo la GC8, niliyoivua viti vya nyuma, mazulia na heshima yote, nikaiwekea kizimba cha mabomba ya chuma. Hushiriki otokrosi na, mfuko ukiruhusu, rali moja kwa mwaka. Gari la namna hiyo huliendeshi hadi Nakuru kwa barabara ya umma, na hata ukilifikisha, kurudi nalo ni habari nyingine, maana mara nyingi hurudi limekosa gurudumu au giaboksi. Wapo wanaoniambia eti wakongwe hawakuhitaji trela, eti Joginder Singh alishinda Safari Rally ya 1965 kwa Volvo ambayo mtu angeweza kwendea sokoni. Sawa. Nami siku nitakapokuwa Joginder Singh nitakwenda Nakuru bila trela.

Impreza yangu ina kama kilo 1,300. Ongeza matairi ya akiba, jeki, jerikeni za mafuta na sanduku la spana ambalo fundi wangu hakubali kulipunguza, unafika 1,500. Trela la ekseli mbili, la chuma cha kwetu, lina kilo 700 lenyewe. Jumla kilo 2,200. Sasa, vitabu vya magari makubwa ya kuvuta mara nyingi hutoa tarakimu mbili. Ya kwanza, ile ambayo wenye V8 huikariri kama aya, ni kilo 3,500. Ya pili ni kilo 750. Ya kwanza ni ya trela lenye breki zake, ya pili ni ya trela lisilo nazo. Injini ni ileile, gia ni zilezile, na bado tani tatu na nusu zimeyeyuka zikawa robo tatu ya tani kwa sababu ya breki za nyuma tu. Aliyelitengeneza gari anakwambia kwa maandishi kwamba shida haiko kwenye kuvuta. Lakini kitabu cha gari nani hukisoma? Vyetu huja kwa Kijapani, na hulala ndani ya dashibodi pamoja na leso na risiti za maegesho.

Trela langu la kwanza lilichomelewa na fundi wa jua kali kutoka kwenye ekseli za pikapu mbili zilizokufa. Lilikuwa jekundu, lilipendeza, na halikuwa na breki hata moja. Nikaazima gari la shemeji yangu, V8 nyeupe ya aina ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita shangingi, nikashika njia ya Naivasha kwa barabara ya juu. Kupanda Limuru ilikuwa raha tupu. Malori niliyapita kama yamepigwa misumari. Nikasimama Soko Mjinga kununua viazi, si kwa njaa, bali ili watu wanione. Maringo yana gharama, na siku hiyo yaligharimu debe zima.

Mama aliyeniuzia alilizunguka trela polepole, akachungulia nyuma ya magurudumu, akauliza, "Baba, hii ya nyuma breki zake ziko wapi?"

"Mama, hii ni V8," nikamjibu, nikigonga boneti.

"Kupanda nimeona umepanda. Utashuka na nini?"

Nilicheka. Nusu saa baadaye, nikiteremka upande wa Kinungi, nikaacha kucheka. Kwanza ilikuja harufu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Kisha pedali ikalegea, ikawa inazama kama mguu kwenye tope. Trela likaanza kunisukuma mgongoni, usukani ukawa mwepesi kwa namna nisiyoipenda. Nilirudisha gia hadi ya kwanza, injini ikalia kama mbuzi aliyeona kisu, nikaegemeza magurudumu ya kushoto kwenye udongo wa kando mpaka tukasimama, hatua chache nyuma ya kijana aliyekokota mkokoteni wa madumu ya maji. Nikashuka nikitetemeka. Macho yakaangukia nyuma ya ule mkokoteni: vipande vya tairi kuukuu vilivyogongomelewa kwenye mbao, ambavyo husugua lami mwenyewe anapoinua mikono juu. Breki. Mkokoteni wa madumu ulikuwa na breki za nyuma, na mimi sikuwa nazo.

Nilipofika nyumbani nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla. Gari la shemeji lilikuwa na kama tani 2.7, trela tani 2.2. Mzigo huo ukishuka mita 500 tu, unaachia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 70 za maji ya bomba. Jerikeni tatu na nusu, zitokote! Moto wote huo, usipozuiwa na gia, hutafuta pa kwenda, na pa kwenda ni diski nne na mafuta ya breki. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hustahimili hadi nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo unakanyaga hewa. Ya shemeji hayakuwa yamebadilishwa tangu gari lishushwe melini. Kilichoniokoa ni gia ya kwanza na udongo, vitu ambavyo hata pikapu ya yule mzee wa kanisani inavyo.

Na hizo silinda nane zenyewe tuzihesabu vizuri. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu zake kila unapopanda mita 100 kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,795. Maana yake ukiwa hapa, silinda moja na ushee imebaki Mombasa, na ukifika Limuru ya pili inafungasha. Mtu analipia nane, anaendesha sita na kipande, halafu ananihubiria.

Twende Salgaa. Twende Kitonga, kule Iringa. Waulize wanaoishi kando ya barabara hizo ni nini huwatoa usingizini. Mlio wa lori linalopanda ni kama jogoo, wameuzoea. Wanachokiogopa ni lile linalokuja kutoka juu likiwa kimya, dereva ametia nyutro ili aibe mafuta ya tajiri. Nioneshwe habari moja ya gari lililoangamiza watu kwa sababu lilikosa nguvu za kupanda. Na mmewahi kuona tangazo la pikapu linaloteremka? Zote zinapanda, zinarusha vumbi, mwanamume mwenye ndevu anatabasamu. Kamera haimsubiri aanze kushuka.

Binamu yangu anasema amevuta trela lisilo na breki miaka kumi bila ajali. Hongera zake. Waliopata ajali hawaji gereji kubishana nami. Mwingine anasema yeye huenda taratibu, "80 tu." Huyo hajui kwamba kutoka 60 hadi 80 kazi ya breki haiongezeki kwa theluthi, inaongezeka kwa karibu asilimia 80, kwa kuwa mwendo hujizidisha wenyewe. Wa tatu anasema huomba kabla ya safari. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu kuna kanisa dogo sana lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Watu hao ndio waliokuwa wakijenga barabara ile. Mtu aliyejenga mteremko kwa mikono yake akaona heri aweke na kanisa, basi anajua jambo.

Halafu kuna matuta. Najua hayahusiani sana, lakini sitapata nafasi nyingine. Nani huyazaa usiku? Jana barabara ilikuwa tambarare, leo kuna tuta la urefu wa magoti, halina rangi, halina kibao, na mdomo wa trela unakita chini hadi meno yanagongana. Nazo matatu! Nafasi unayoiacha mbele yako ili upate pa kusimamia tani tano, matatu huiona kama kiti kitupu.

Basi yule kijana wa gari la mashindano achague nini? Achague uzito kabla ya nguvu, na breki kabla ya vyote viwili. Mimi sasa navuta kwa pikapu ya dizeli ya silinda nne, na trela langu lina breki kwenye magurudumu yote manne. Nikipanda Limuru wananipita wote, hata basi la shule. Wanipite. Na kama angenisikiliza kabisa, ningemwambia asivute chochote: aachane na hiyo V8, anunue Canter kuukuu yenye bodi bapa na breki ya ekzosi, apandishe gari mgongoni, aende zake. Hatanisikiliza. Canter haipendezi kwenye picha.

Hata trela zuri huuawa na kukaa. Gari la kila siku likiugua utalisikia. Trela linasimama nyuma ya nyumba miezi mitatu, kuku wanataga chini yake, kisha siku moja alfajiri unalidai likimbie kilomita 160. Viatu vya breki vimegandamana na ngoma kwa kutu. Grisi ya beringi imeingia maji. Mimi hufungua habu zote kila mwaka, naosha, natia grisi mpya, na safarini husimama baada ya kilomita 50 nikashika kila habu kwa kiganja: ikikuunguza, usiongeze hata kilomita moja. Kituo hichohicho nakaza nati za magurudumu. Taa na nyaya sizizungumzii, kila mtu anajua zitakuwa zimekufa.

Mpira wa kuvutia ndio husahauliwa kabisa. Humu nchini inauzwa ya milimita 50, ya inchi mbili, na ile ya inchi mbili kasoro thumuni, yote ikiwa imepakwa nikeli ileile na kukaa kwenye kreti moja. Ule mdogo ukiutia kwenye kikombe cha milimita 50 utaingia, utafungika, na muuzaji atakwambia uko sawa. Tuta la kwanza litakueleza vingine. Kisha namna ya kupakia: sehemu moja hivi kati ya kumi ya uzito wa trela lililopakiwa iwe imekalia mpira. Injini ya Subaru imening'inia mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo ukiipandisha kinyumenyume kwa sababu eti itakuwa rahisi kuishusha, uzito wote umehamia mkiani, na ukifika 80 trela litaanza kukuonesha ngoma ambayo hukuomba kucheza.

Na matairi. Ya trela hayafi kwa kuisha meno, hufa kwa uzee, yamesimama juani, mbavu zikipasuka nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu wa pekupeku. Umri wake umeandikwa ubavuni, tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Jumatano mchungaji alinipigia simu. Amesikia kwamba mimi ni mtu wa matrela. Kanisa lina lake, wanataka kupeleka jenereta, mahema na spika kwenye mkutano wa injili Eldoret, nyuma ya V8 yake, ile aliyonunuliwa na waumini, yule mzee wa pikapu akiwamo. Njia ya Eldoret hupita Salgaa. Nikaenda kulitazama. Nilichungulia nyuma ya magurudumu yote manne kama nilivyofundishwa Soko Mjinga, nikaona nilichotarajia, yaani hakuna kitu. Kisha nikapiga magoti nikasugua matope ubavuni mwa tairi la kushoto kwa kidole gumba hadi tarakimu zikajitokeza: 1109.

Mchungaji akainama kando yangu, akakaza macho.

"Hiyo ni bei?" akauliza.