Tamko Kuhusu Hisia za Mshauri Nasaha kwa Mteja Wake

Sisi wanachama wa chama cha washauri nasaha na wanasaikolojia nchini Kenya tunatoa tamko hili kwa wanataaluma wenzetu, kwa vyuo vinavyofundisha kazi hii, kwa hospitali, shule na mashirika yanayotuajiri, na kwa wananchi wanaotujia na mambo ambayo pengine hawajamwambia mtu mwingine yeyote.

Msimamo wetu ni huu. Mshauri anayempenda mteja, anayemchukia, anayemchoka au anayemwonea huruma kupita kiasi hajavunja maadili kwa kuhisi hivyo. Anaanza kuyavunja anapomficha msimamizi wake wa kitaaluma hisia hiyo, au anapoiacha imwamulie atakalomtendea mteja. Wengi wetu tulitoka chuoni tukiamini kwamba mtaalamu halisi hasikii chochote. Imani hiyo imewaumiza wateja kuliko hisia zenyewe.

Haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1910, katika mkutano wa Nuremberg, Sigmund Freud aliwataka wenzake wazitambue na kuzishinda hisia ambazo mgonjwa anaziamsha ndani ya tabibu. Waliomfuata walishika zaidi lile neno la kushinda, na kutambua kukasahaulika. Mwaka 1949 Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alichapisha makala akikiri waziwazi kwamba tabibu huweza kumchukia mgonjwa, na kwamba ni lazima aijue chuki hiyo ili asiitende. Mwaka uliofuata Paula Heimann, aliyekuwa akifanya kazi London, alikwenda mbali zaidi: hisia za tabibu ni chombo cha kumwelewa mgonjwa.

Tunaikubali hoja ya Heimann, lakini kwa tahadhari. Mshauri anayeshikwa na usingizi kila Jumanne mteja yuleyule anapoanza kuzungumza ana haki ya kujiuliza kama huyo ni mtu ambaye hata nyumbani kwake hakuna anayemsikiliza tena, na sasa yeye mshauri amejiunga nao. Huenda ikawa hivyo. Huenda pia mteja anamkumbusha baba yake mwenyewe, au mshauri hakulala usiku. Tunao wenzetu wanaoupenda mno usomaji wa namna hii. Kwao tunasema kwamba njaa ya saa saba mchana haikuletwa na mteja.

Hisia inayotutia wasiwasi zaidi ni huruma, kwa sababu hiyo husifiwa. Mshauri mwenye hasira na mteja hujishtukia mapema. Lakini anayemlipia mteja kodi ya nyumba, anayempa namba yake ya simu ampigie saa nane za usiku, anayemtafutia mtoto wake nafasi shuleni, huitwa mtu mwenye utu. Mteja huanza kumwita mama au baba, na miezi michache baadaye hathubutu tena kumwambia kwamba ushauri haumsaidii, maana nani atamkosoa anayemlisha? Msaada wa namna hiyo utafutwe kwa ofisi za ustawi wa jamii, kwa mashirika ama kwa jamaa za mteja. Mshauri awe wa kuelekeza tu.

Kuhusu zawadi, hatuoni maana ya kanuni ngumu zilizoandikwa kwa miji ya ughaibuni. Mama aliyetoka shambani na mahindi mabichi au kuku hafai kurudishwa nayo. Kumkatalia ni kumdhalilisha. Zawadi ya mavuno ipokewe, izungumzwe katika kikao, iandikwe kwenye faili, na msimamizi aambiwe. Pesa zaidi ya ada, hata zikitumwa kimyakimya kwa M-Pesa, zirudishwe. Kukopeshana na mteja hatukubali kwa vyovyote.

Sasa tuseme lile linalonong'onwa. Mwaka 1986 watafiti watatu wa Marekani, Kenneth Pope, Patricia Keith-Spiegel na Barbara Tabachnick, walichapisha majibu ya wanasaikolojia 585. Asilimia 87 walisema wamewahi kuvutwa kimapenzi na mteja. Waliotenda walikuwa wachache, lakini asilimia 63 walijiona wenye hatia, wasiwasi au mkanganyiko, na karibu nusu hawakuwa wamepata mafunzo wala mwongozo wowote kuhusu jambo hilo. Hatudhani washauri wa hapa wameumbwa tofauti. Tunachotaka ni kwamba mwanafunzi wa ushauri asikie neno hili darasani kwanza, kabla hajalikuta peke yake chumbani na mteja.

Kuhusu kutenda, hatuna la kujadili. Uhusiano wa kimapenzi na mteja ni marufuku. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kinaukataza kwa angalau miaka miwili baada ya tiba kwisha. Sisi hatuweki muda, kwa kuwa hatuamini kwamba siri alizotoa mteja hupungua uzito kwa kalenda.

Mshauri akitokwa na machozi kikaoni hajakosa. Lakini kabla ya kumweleza mteja anachohisi, ajiulize maneno hayo yatamfaa nani. Kama yatampunguzia yeye mzigo, ayapeleke kwa msimamizi.

Ndiyo maana tunawageukia waajiri. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ilitupatia bodi ya kutusajili na kutusimamia. Bodi inaweza kumwadhibu mshauri kwa alilolitenda; haiwezi kumwona anapoanza kuteleza. Anayeweza ni msimamizi wa kitaaluma anayekutana naye mara kwa mara. Muda huo uhesabiwe kuwa saa za kazi na ulipwe na mwajiri, na msimamizi huyo asiwe bosi anayeamua mkataba wake, maana hakuna atakayemkiria bosi wake kwamba anamchukia mteja. Shuleni, mwalimu wa ushauri nasaha asipewe pia kazi ya nidhamu. Mwanafunzi hawezi kumfungulia moyo leo mtu atakayemwadhibu kesho, na mwalimu mwenyewe hatajua hasira yake ni ya kofia ipi.

Kwa wateja wetu: mna haki ya kumuuliza mshauri kama ana msimamizi, ya kukataa urafiki nje ya kikao, na ya kuondoka bila kueleza sababu. Aliyetendewa visivyo anaweza kutuletea malalamiko kwa maandishi au kwa mdomo, kwa Kiswahili au kwa lugha aliyoizoea, naye hatalazimishwa kukaa chumba kimoja na mshauri anayemlalamikia.