Heshima Isiyofunga Kinywa cha Mtoto

Mtoto wa Pemba ana walimu wengi. Asubuhi yuko skuli, alasiri yuko chuoni akisoma Qur'ani. Na mtoto wa Wakristo wachache waliopo kisiwani huenda kanisani Jumapili kwa mafundisho ya dini yake. Kote huko hufundishwa kumheshimu mkubwa. Hilo ni jema. Tunalolipinga ni kumfunza kwamba heshima ni kunyamaza hata anapodhuriwa.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kwamba, kwa Zanzibar, takriban msichana 1 katika 20 na mvulana 1 katika 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Basi hatari hii si ya wasichana peke yao. Mwaka 2011 ikapatikana Sheria ya Mtoto, Namba 6. Lakini sheria huishia mlangoni pale panapotawala muhali: mkosaji ni jamaa, jirani au mtu wa dini anayeheshimiwa, wazee hupatana, na mtoto hubaki na jeraha lake.

Mwalimu afanye nini? Kwanza, awafunze watoto, kwa hadithi na maigizo, kwamba mwili wa mtoto una staha yake, na kwamba siri inayomtia hofu haiwekwi. Pili, mtoto akisema, asikilizwe kwa utulivu. Asihojiwe kama mshitakiwa, wala asiahidiwe kwamba jambo litafichwa. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka. Tatu, afikishwe upesi kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha hospitali ya Chake Chake, kabla ya kuogeshwa au kufuliwa nguo. Dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI haina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Simu namba 116 nayo hupokea taarifa za watoto.

Wapo watakaosema kwamba mafunzo haya yanawavunjia hadhi masheikh na mapadri. Sivyo. Mwalimu wa dini aliye mwaminifu hufundisha mlango ukiwa wazi, wala hamwiti mtoto peke yake nyumbani kwake. Utaratibu huo humlinda mtoto, na yeye pia humkinga na shutuma. Anayevunjiwa hadhi ni yule anayejificha nyuma ya kanzu au joho.

Mwanachuo wa ualimu, ukipangiwa skuli yako ya kwanza, mjue sheha wa shehia, mjue na mwalimu wa chuo cha Qur'ani kilicho jirani. Kaeni mkubaliane juu ya haya mapema, kabla mtoto hajaja kwenu akilia.