Mali Bila Daftari: Uwazi wa Utafiti Ufunzwe Nyanjani

Mwaka nenda mwaka rudi, vyuo vyetu vikuu huwatuma wanafunzi wa isimu nyanjani kukusanya data ya lugha. Huondoka na vinasa sauti, hojaji na barua za idhini. Hurejea na saa nyingi za mazungumzo, wakaandika tasnifu, wakatahiniwa, wakavaa joho. Baada ya hapo, aghalabu hakuna anayeuliza zile sauti zimekwenda wapi. Tasnifu huhifadhiwa maktabani, ilhali sauti zilizoizaa huachwa zipotee katika simu iliyouzwa au kompyuta iliyoharibika.

Nasema haya nikijua kwamba mimi mwenyewe ni mkosa. Nilipokuwa nikifanya utafiti wa shahada ya uzamifu, nilimrekodi nahodha mmoja mkongwe wa Mji wa Kale, Mombasa. Alinieleza kwa Kimvita safi habari za mlingoti, foromali na tanga, na jinsi mabaharia wa zamani walivyozisoma pepo za kusi na kaskazi. Nilimwahidi nakala. Nikanukuu sentensi nilizozihitaji, nikafuzu. Rekodi zote zilikuwa katika diski moja tu, nayo siku moja ikakataa kufunguka. Miaka kadhaa baadaye mjukuu wake alinijia, mzee akiwa ameshafariki. "Mwalimu," aliniuliza, "zile sauti za babu zi wapi?" Sikuwa na jibu.

Hasara ile ilikuwa ya wengi. Jamaa za mzee walipoteza urithi, na wasomi wakapoteza ushahidi. Anayetaka leo kuhakiki hoja zangu hana budi kuniamini tu. Sayansi isiyoweza kukaguliwa haina tofauti kubwa na uvumi.

Mnamo Novemba 2021, Shirika la UNESCO lilipitisha Pendekezo kuhusu Sayansi Huria. Kiini chake ni kwamba data, mbinu na matokeo ya utafiti yawekwe wazi kadiri iwezekanavyo, ili wengine wayakague na kuyatumia, na jamii nayo inufaike. Ni wito mzuri. Lakini katika madarasa yetu uwazi huu, pale unapofunzwa, hupewa mhadhara mmoja mwishoni mwa muhula, baada ya mwanafunzi kuwa amekwisha kukusanya data yake kiholela. Hoja yangu ni kwamba uwazi ni tabia kabla ya kuwa kanuni, na tabia hujengwa kwa kutenda. Mahali pa kuijenga ni katika kozi ya nyanjani, siku ya kwanza mtafiti chipukizi anaposhika kinasa sauti.

Hebu tutazame mfano. Mwanafunzi aliyelelewa kwa Kiswahili sanifu cha shuleni anamsikiliza mwenyeji wa Mombasa akisema "nti", naye anaandika "nchi". Anasikia "ndia", anaandika "njia". Hana nia ya kudanganya. Ni sikio lake linalosahihisha bila yeye kujua. Iwapo unukuzi wake utabaki peke yake, kosa hilo litaingia katika tasnifu, kisha katika vitabu, na sifa za lahaja zitafutika katika maandishi. Lakini iwapo kila jioni wanafunzi watabadilishana rekodi na kukaguana, mwenzake atalinasa kosa kabla ya kulala. Hapo mwanafunzi hujifunza jambo ambalo mhadhara hauwezi kumfunza: kwamba kukaguliwa hakumvunjii heshima, bali kunaikinga kazi yake.

Si jambo geni kwetu. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya na kuzinakili, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Karatasi zile zilihifadhiwa. Kwa hiyo W. Hichens aliweza kuchapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akaweza kuzichambua upya katika kitabu chake cha 1979. Lau Sikujua na Taylor wangezitumia kisha wakazitupa, tungebaki na majigambo ya kwamba palikuwa na malenga mkubwa. Hata hivyo, hifadhi ile ilikuwa London, na kwa miaka mingi ilimlazimu mwana wa Mombasa kuvuka bahari ili aone mwandiko wa wazee wake. Kuhifadhi ni hatua moja. Kumfungulia mlango mwenye mali ni hatua nyingine.

Wapo wenzangu wanaohofu kwamba uwazi utawanufaisha wezi: msomi mwingine ataichapisha data kabla ya aliyeitolea jasho, au kampuni ya kigeni itazichukua sauti za wazee wetu kwa biashara. Wengine husema kuna maneno ya uganga, ya unyago na ya kaya ambayo hayafai kusikiwa na kila mtu. Hofu hizi zina msingi. Lakini uwazi si kuanika kila kitu uchi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na ile ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi, zinatudai ridhaa na heshima. Ni nyanjani, mbele ya mzee mwenyewe, ambapo mwanafunzi hujifunza kuuliza: hili lisikiwe na nani? Jina lako litajwe au lifichwe? Anayejibu ni mwenye maneno, na jibu lake huandikwa. Mtafiti naye anaweza kujiwekea muda wa kuchapisha kwanza, mradi muda huo una mwisho unaojulikana.

Naomba basi idara zetu zifanye mambo matatu. Kwanza, kila kundi liendalo nyanjani liwe na daftari la pamoja linaloonyesha nani alirekodiwa, wapi, lini na kwa masharti gani. Pili, rekodi ziwekwe mahali pasipopungua pawili, mojawapo ikiwa maktaba ya chuo, na nakala irudishwe kwa waliozitoa kabla ya tasnifu kutahiniwa. Tatu, kazi hiyo itengewe alama, kwani sote twajua kwamba lisilo na alama mwanafunzi haliwekei maanani.

Nanyi wanafunzi, msingoje idara iwaamrishe. Jioni ya siku ya kwanza, kabla ya chakula, andikeni mlichorekodi na mtoe nakala ya pili. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi yangu ilipotea, na mwenyewe alipokuja kuidai nilikuwa na mikono mitupu.